Jumapili 00:40 ni usiku upi? Safari ya Moshi hadi Dodoma kwa treni, na ile saa moja ya kuunganisha Dar

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Moshi na mama yangu mwenye miaka 71. Jumatatu saa tatu asubuhi anatakiwa awe hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Magoti yanamsumbua, basi la kutwa nzima haliwezi. Nimepanga tupande treni hapa Moshi Jumamosi, tufike Dar Jumapili asubuhi, kisha SGR, ile treni ya umeme, hadi Dodoma siku hiyo hiyo. Kuna mtu kanitumia picha ya ratiba WhatsApp: Moshi 16:05 na 16:40, Korogwe 00:20 na 00:40, Dar 08:30. SGR tunayoilenga inaondoka saa tatu na nusu asubuhi. Mama mdogo atapandia Korogwe, kaandikiwa Jumapili 00:40, na anasema atakwenda stesheni Jumapili usiku. Kwa nini kila stesheni ina saa mbili? Treni ndiyo huwa inachelewa hivyo? Na ile saa moja ya kuunganisha Dar inatosha?"*

Marahaba, na mama mpe shikamoo yangu. Nianze na mama mdogo, kwa sababu mengine yote yana muda wa kurekebishwa. Kama kwake "Jumapili usiku" ni baada ya mchana wa Jumapili kwisha, ataikuta reli tupu. Treni iliyoandikwa Jumapili 00:40 inaondoka Korogwe usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa saba kasoro dakika ishirini. Jumamosi ale chakula cha jioni, afunge begi, na kabla ya saa sita usiku awe ameketi stesheni.

Usimlaumu. Ratiba hubadilisha siku saa sita ya usiku, watu wakiwa wamelala. Sisi tunaibadilisha kunapokucha. Na wazee wa pwani huibadilisha jua linapozama: kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa hiyo mtu wa Korogwe anaweza kutamka "usiku wa Jumapili" akawa sahihi kabisa kwa hesabu ya kwao, na wewe wa Moshi ukamsikia kwa maana nyingine. Muulize kwa maneno yasiyo na njia mbili: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?" Sentensi hiyo ndiyo utakayoitumia kwa kila safari ya baada ya saa sita usiku, iwe treni, basi la usiku au ndege ya alfajiri pale KIA.

Saa zenyewe wengi huzigeuza kwa kukisia. Acha kukisia. Saa iliyoandikwa kati ya 07:00 na 18:59, toa sita: 16:40 inakuwa saa kumi na dakika arobaini jioni. Kati ya 19:00 na 23:59, toa kumi na nane: 22:15 ni saa nne na robo usiku. Kati ya 00:00 na 06:59, jumlisha sita: 00:40 inakuwa sita na dakika arobaini, ndiyo hiyo saba kasoro ishirini. Wewe 16:40 yako umeisoma vizuri bila shaka. Anayepotea ni yule anayeambiwa kwa simu "treni ni saa kumi", akaandika 10:00 kwenye kalenda ya simu yake, simu ikamwamsha saa nne asubuhi.

Kwenye mabasi mtego umegeuzwa. Tiketi za kuandikwa kwa mkono mara nyingi hufuata saa ya Kiswahili, hivyo "12:00" aliyoiandika wakala wa basi la alfajiri ni saa kumi na mbili asubuhi, ambayo treni ingeiandika 06:00. Tiketi iliyochapwa na mashine nayo hufuata saa ya kompyuta. Ukiwa na tiketi mbili za safari moja, moja ya mkono na nyingine ya mashine, kaa chini uandike zote upya kwa mtindo mmoja kabla hujafanya hesabu yoyote.

Sasa zile namba mbili. Ya kwanza ni saa ya kufika, ya pili ni saa ya kuondoka. Moshi 16:05 na 16:40 maana yake treni inatoka Arusha, inaingia Moshi saa kumi na dakika tano, inasimama dakika thelathini na tano, kisha inaendelea. Huo si uchelewaji. Umepangwa. Dakika hizo zina kazi: abiria wengi na mizigo, ukaguzi wa mabehewa na breki, zamu za wafanyakazi, na zaidi ya yote, kupisha treni nyingine. Wewe lenga namba ya kwanza, si ya pili. Treni iliyochelewa kufika inaweza kufupishiwa kusimama ili irudishe muda, na aliyekuja kwa hesabu ya 16:40 akakuta watu wameshapanda wote.

Hapo kwenye kupisha ndipo penye jibu la swali lako la uchelewaji. Reli yetu ya Kaskazini ni njia moja, ya upana wa mita moja. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso haziwezi kupishana popote. Lazima moja iingie kwenye njia ya pembeni ya stesheni na ingoje. Mpangaji wa ratiba huchagua mapema zipishane wapi. Tuseme treni yenu imepangiwa kupishana na treni ya mizigo Same, na ile ya mizigo imekwama nusu saa huko chini kwa hitilafu ya breki. Yenu haiwezi kutoka Same hata kama injini ni nzima, kwa sababu kipande cha mbele hakijaachwa wazi. Itatoka imechelewa nusu saa, na ile iliyokuwa ikiwasubiri ninyi stesheni nyingine nayo inachelewa. Kosa moja linatembea kwenye njia nzima kama deni la kuachiana. Barabarani basi hulipita lori bovu likaendelea. Relini hakuna kulipita.

Ongeza sehemu ambazo dereva anatakiwa apunguze mwendo kwa sababu ya tuta lililolegea, daraja linalotengenezwa, au mvua iliyochimba chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Ndiyo maana ukigawa umbali kwa muda unapata wastani mdogo. Ratiba uliyotumiwa inaipa treni kama saa kumi na sita kutoka Moshi hadi Dar. Kwa barabara umbali huo ni takriban kilomita 560, na reli haiko mbali na hapo, kwa hiyo ni wastani wa kilomita 35 hivi kwa saa. Wastani huo si aibu ya dereva. Umebeba ndani yake vituo vyote, mapishano yote, na muda kidogo wa akiba ambao wapangaji hupenda kuuweka karibu na mwisho wa safari ili treni iliyochelewa ipate pa kujirekebisha.

Akiba hiyo haikuhakikishii kitu. Tufanye hesabu ya Jumapili yako asubuhi, tena tujalie treni imefika 08:30 kamili. Kushuka na mama mwenye magoti mabovu, mizigo mkononi, watu wanasukumana: dakika ishirini. Kisha stesheni ya SGR ni jengo jingine, na tiketi ya treni ya Kaskazini ndiyo itakayokwambia mnashukia wapi hasa. Weka nusu saa ya kutafuta bajaji au teksi na kufika. Mpaka hapo ni 09:20. SGR haiendeshwi kama kosta: kitambulisho kinaangaliwa, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, na milango hufungwa kabla treni haijaondoka. Mmeshaachwa, na treni ya kwanza haikuchelewa hata dakika moja. Ikichelewa saa mbili, jambo la kawaida kabisa kwa njia moja yenye mizigo, hakuna hata cha kujadili.

Na mkiachwa ni juu yenu. Tiketi hizo ni mbili, za safari mbili. Treni ya pili haina habari kwamba kuna abiria wake wako kwenye ya kwanza. Kwa safari ya reli inayolala njiani, ukitaka kuunganisha na chombo kingine chenye saa maalumu, acha angalau nusu siku katikati. Na kama mwisho wa safari kuna daktari anayengoja, lala pale mnapounganisha.

Nimeona watu wengi wanatazama ramani na kusema: mbona reli ya Kaskazini inakutana na reli ya kati pale Ruvu, na SGR nayo ina stesheni iitwayo Ruvu, si tushukie huko? Usijaribu. Kufanana kwa jina si kuwa jukwaa moja, na kushuka na mzee mahali ambapo hujui kama treni ya pili inasimama ni kujitafutia taabu. SGR ina treni za haraka na za kawaida, na za haraka haziangalii stesheni ndogo.

Sasa nikwambie ninaloliona kubwa kuliko yote uliyouliza: njia yenyewe. Umechagua Dar kwa sababu SGR inasifika, na sifa hizo ni za kweli. Tangu Julai 2024 inafika Dodoma, na kutoka Dar hakuna basi linaloikaribia. Lakini haiji Moshi wala Arusha. Reli mliyonayo ilijengwa kwa ajili ya bandari ya Tanga: ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929. Dar iliunganishwa baadaye sana, 1963, kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Ndiyo maana treni yenu inateremka kwanza mpaka karibu na Tanga, inakunja Mnyusi, ndipo inaitafuta Dar. Ukitoka hapo uende Dodoma unakuwa umezunguka pande tatu za mraba. Moshi hadi Dar ni 560 hivi, Dar hadi Dodoma ni 450 hivi: zaidi ya kilomita elfu moja. Kupitia Arusha, Minjingu, Babati na Kondoa, barabara ya lami mwanzo hadi mwisho, ni takriban 500. Mwendo wa kasi wa SGR hauwezi kulipa deni la usiku mzima mliolala kwenye treni ya kwanza.

Najua utasema: lakini basi mama haliwezi. Na ni kweli, kilomita 500 kwa siku moja ni nyingi kwa magoti hayo. Basi la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi 50, hivyo ukihesabu na vituo ni saa tisa hivi za kukaa. Ila hakuna sheria inayosema zikaliwe siku moja. Babati iko karibu katikati kabisa: kama kilomita 250 kutoka Moshi, na nyingine 260 hivi mpaka Dodoma. Mkiondoka Moshi Jumamosi asubuhi, mchana mko Babati, mama ananyoosha miguu kitandani, na Jumapili asubuhi mnamalizia. Saa nne au tano kila siku, na Jumapili alasiri mko Dodoma mkitafuta pa kulala karibu na hospitali.

Mpango huo nao una mahali pa kuharibikia, na ni Babati asubuhi ya pili. Mabasi ya Dodoma yanayopita pale yameanzia Arusha, na yanaweza kuja yamejaa. Kata tiketi za Babati hadi Dodoma mapema kwa wakala wa basi linaloanzia Arusha, mwambie waziwazi mtapandia Babati, aandike hivyo kwenye tiketi, na uchukue namba ya kondakta siku ya safari. Basi lililotoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi hufika Babati kama saa tatu. Usikubali kiti cha nyuma kabisa: kiko nyuma ya ekseli na kila tuta la barabarani linaishia kwenye magoti. Omba safu za mbele, upande wa njia ya katikati, mguu upate pa kunyooka. Na kipande cha Moshi hadi Arusha usimpandishe kwenye kosta yenye viti vya kukunja katikati. Watu wakishakaa hapo, mzee hawezi kutoka bila gari zima kusimama.

Kama mama mwenyewe anaitaka treni, na wapo wazee wanaoipenda kwa sababu unaweza kutembea ndani na kulala, basi panga kwa kurudi nyuma. Jumatatu saa tatu hospitali. Jumapili jioni muwe Dodoma. Kwa hiyo SGR ya Jumapili asubuhi au mchana, kwa hiyo Jumamosi usiku mlale Dar, kwa hiyo muwe mmefika Dar Jumamosi. Treni inayotoka Moshi Jumamosi haiingii kwenye mnyororo huo popote. Mnahitaji ile ya kabla yake, na treni ya Kaskazini haiendi kila siku. Kama hakuna inayowafikisha Dar Jumamosi au mapema zaidi, jibu limeshapatikana.

Mkiichukua, kata daraja la pili kulala na usisitize kitanda cha chini. Vyumba hivyo vina vitanda vitatu vya kupangana kila upande, na mtu wa miaka 71 hapandi ngazi usiku gizani kwenda kitanda cha juu. Fikiria pia ngazi za behewa. Mabehewa ya reli hii yako juu, na kwenye stesheni ndogo behewa lako linaweza kusimama nje ya jukwaa, mama ateremkie kwenye kokoto. Awepo mtu mwenye nguvu mbele yake na mwingine nyuma. Kigoda kidogo cha plastiki, kile cha kukalia jikoni, kinasaidia kuliko unavyodhani.

Kwa mama mdogo wa Korogwe hesabu ni nyingine kabisa, na hapa SGR inarudi kwa heshima yake. Yeye hana sababu ya kupanda hadi Moshi kuwafuata, wala kuteremka Dar. Apande basi la Dar ashukie Chalinze, achukue jingine hadi Morogoro. Safari nzima ni karibu kilomita 280. Morogoro apande SGR ya kwenda Dodoma, tiketi ikiwa imeandikwa anapandia Morogoro, na ajue kwamba stesheni ya SGR iko Kihonda, si pale stendi ya Msamvu, hivyo kuna bajaji hapo katikati. Aache saa tatu kati ya kufika Msamvu na treni. Akiachwa, mabasi ya Dodoma yanapita Morogoro kutwa nzima.

Sasa picha ile ya WhatsApp. Ina tarehe ya kuanza kutumika? Kama haina, ichukue kama karatasi ya mwaka juzi. Ratiba za reli hii hubadilika kwa mvua, kwa matengenezo, na Desemba huongezwa treni watu wanapopanda kwenda kula Krismasi nyumbani. Picha ya Desemba inayozungushwa mwezi wa tano imewaacha wengi jukwaani. Nenda mwenyewe stesheni ya Moshi, umwone mkuu wa stesheni au karani wa tiketi, na uulize: ratiba inayotumika sasa ilianza tarehe ngapi, treni inapita hapa siku zipi, wiki mbili zilizopita imekuwa ikifika Dar saa ngapi kwa kweli, na ikivunjika safari fedha inarudishwaje. Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Hakuna mtandao utakaokujibu kama mtu anayepokea treni hiyo kila mara. Na siku ya safari piga simu kabla hujamtoa mama nyumbani. Kungojea saa tatu kwenye benchi ni mbaya kwake kuliko safari.

Mwisho kuna jambo ambalo si la ratiba. Kwa umri wake, na kukaa saa nyingi, mpeleke kituo cha afya kabla ya wiki hiyo aulizwe kama anaweza kusafiri, dawa zake azimeze saa ngapi njiani, na kama avae soksi za kubana. Awe anachezesha vifundo vya miguu kila nusu saa na anywe maji, hata kama anaogopa kwenda choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akianza kupumua kwa shida au kifua kubana, safari imekwisha hapo hapo: shukeni mahali penye hospitali, Arusha, Babati au Kondoa, mkatibiwe, na Dodoma mpige simu kuomba tarehe nyingine. Ipigie hospitali mapema wiki hii pia. Wagonjwa wanaotoka mbali wanaweza kuomba wapangiwe saa tano badala ya saa tatu, na huenda ukakubaliwa kwa simu ya dakika mbili.